Chumvi, maji na ugonjwa wa moyamoya

Wengi hapa Lamu huamini kuwa mwenye maradhi ya mishipa ya ubongo aache chumvi kabisa, basi yatosha. Ni kweli chumvi nyingi hupandisha presha. Lakini kwenye moyamoya, mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo imekuwa myembamba, na kukaukiwa maji hupunguza damu inayofika huko. Kiharusi huweza kufuata. Joto la kaskazi hukausha, kuharisha pia. Kuhusu saumu, tafadhali muulize daktari kabla ya Ramadhani. Maji kupita kiasi nayo huzimua sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) ya damu.

Tazama mkojo: manjano iliyokolea mara nyingi huonyesha maji hayatoshi. Kwenye pakiti, gramu za sodiamu mara 2.5 ndiyo chumvi. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, uroweke, umwage maji yake ili chumvi ipungue, ndipo upike.