Kukodi wiki ya taimushea kwa mtu binafsi: maana yake nini?

Taimushea ni umiliki wa zamu. Fleti moja ya mapumziko ina wenyewe wengi, kila mmoja na wiki yake katika mwaka, au na pointi anazozigeuza kuwa siku. Orlando na Kissimmee, kule Florida, fleti za namna hii ni nyingi mno. Mwenye wiki hulipa ada ya matunzo kila mwaka, aende asiende. Mwaka akikosa nafasi ya kwenda, huikodisha wiki hiyo ili walau arudishe ada, na familia inayowapeleka watoto Disney huweza kupata jiko na vyumba viwili kwa bei nafuu.

Lakini elewa vizuri unachokodi. Hukodi fleti, unakodi haki ya mtu. Hoteli yenye fleti hiyo inamjua yeye, wewe haikujui. Hata ukishamlipa, buking iko mkononi mwake, na anaweza kuifuta usipate habari mpaka usimame mapokezi na mabegi, watoto wakisinzia. Akiwa anadaiwa ada ya matunzo, sheria ya Florida inairuhusu hoteli kumzuia yeye pamoja na aliyekodi kwake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayeumia hana kosa lolote.

Kwa hiyo usilipe pesa yote kabla hujaona uthibitisho wa buking wenye jina lako kama mgeni. Usome polepole: jina la hoteli, namba ya buking, tarehe, ukubwa wa fleti. Jina lilingane na kitambulisho. Pasipoti ikisema Mwanaisha, isiandikwe Aisha. Kisha ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa yeye. Habari za madeni yake huenda wasikuambie, basi mwombe mwenye wiki mpige pamoja, watu watatu kwenye simu moja. Akianza visingizio, achana naye.

Muulize pia wiki hiyo ni yake au ameipata kwa kubadilishana na mwenye wiki mwingine. RCI, kwa mfano, kampuni inayowabadilishia watu wiki zao, hairuhusu wiki ya kubadilishana ikodishwe kwa pesa.

Kuhusu malipo, Zelle, njia ya Marekani ya kutuma pesa kwa simu kutoka benki hadi benki, ni sawa na kukabidhi noti mkononi: ikienda imekwenda. Kadi ya mkopo ina kinga ya sheria ya Marekani ya mwaka 1974, inayokupa siku 60 tangu utumiwe taarifa ya malipo kuyapinga. Tatizo ni kwamba wiki za Desemba watu huzikodi tangu Machi, na siku 60 huisha kabla hujasafiri. Ndiyo maana mimi hushauri kulipa kidogo mwanzoni na kilichobaki karibu na safari, na mkataba wa maandishi useme pesa inarudije buking ikifutwa. Akikubali haya yote, muulize na hoteli itazuia amana kiasi gani kwenye kadi yako siku ya kufika.