67 haijaishinda 52, tuache kulinganisha hivyo

Jana tena mzazi kanitumia WhatsApp: "Daktari, Stellest ni asilimia 67, MiYOSMART ni 52, si nichukue Stellest?" Jamani, hii hesabu nimeijibu mpaka basi, leo naiandika wote msome.

Hizo ni lenzi za miwani za watoto za kupunguza kasi ya myopia (kutoona mbali vizuri), na zote mbili wazo ni moja. Katikati mtoto anaona mbali kama kawaida, kuzunguka hapo kuna vilenzi vidogo vingi vinavyoleta sehemu ya mwanga mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho), jicho linapunguza kasi ya kurefuka. Basi.

Shida ni hizo asilimia, asilimia za nini na kwa watoto gani? Ile 67 ni jinsi namba ya miwani ilivyopungua kasi ya kupanda, tena kwa watoto wa Wenzhou, China, waliovaa angalau saa 12 kila siku, ukiweka watoto wote inashuka mpaka kama 55. Ile 52 nayo ni ya namba, ila Hong Kong, na kwa urefu wa jicho utafiti huohuo unasoma 62. Sasa njoo kwenye milimita, maana tunachokiogopa kwenye myopia ni jicho kurefuka na retina kuvutika. Hong Kong, miaka 2, waliovaa lenzi za kawaida macho yalirefuka 0.55, wa MiYOSMART 0.21. Wenzhou, miaka 2 pia, lenzi za kawaida 0.69, Stellest 0.34. Toa mwenyewe: 0.34 na 0.35! Karibu sawa kabisa, ila kwa asilimia moja inasoma 62 na nyingine 51, kwa sababu tu wale wa lenzi za kawaida kule Wenzhou macho yao yalikuwa yanakimbia zaidi. Kwa hiyo ukichagua asilimia unayoitaka unampata mshindi unayemtaka, na wauzaji wanalijua hilo.

Na usisubiri jicho liache kurefuka kabisa, hata jicho la mtoto asiye na myopia linakua.

Wasiwasi wangu mwenyewe: watoto wote hao ni wa China. Mimi naziandika hizi lenzi na naziamini, ila sithubutu kumuahidi mzazi wa hapa kwamba mwanae atapata milimita zilezile.

Wale wa "mpunguzie namba macho yasizoee", yaani mtoto apewe miwani yenye nguvu pungufu, Malaysia walijaribu, matokeo yakatoka 2002, waliopunguziwa ndio walioharibikiwa haraka zaidi. Msinirudishe huko.

Mimi ningeanza kwa kuuliza kliniki kama wana mashine ya kupima urefu wa jicho, warudie kila miezi 6. Kama hawana, wapime namba baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho, na fremu imkae mtoto vizuri isimshuke puani, maana ikishuka anachungulia juu ya lenzi na hela yako haifanyi kazi.