Maana ya "kwetu" katika filamu za waongozaji wahamiaji

Hapa Kampala ukijuana na mtu leo, kesho atakuuliza: kwenu wapi? Hataki kujua mtaa unakopanga. Anauliza babu yako amezikwa wapi, na nani watakesha matangani ukifa. Hilo ndilo "kwetu", na waongozaji filamu walioacha nchi zao hulirudia kazi baada ya kazi.

Lisichanganywe na uraia. Uraia ni karatasi, na karatasi hufutwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa.

Mira Nair, mzaliwa wa India aliyesomea Marekani, aliitengenezea habari hiyo filamu ya Mississippi Masala (1991). Jay ni wakili Mhindi aliyezaliwa Uganda. Okelo, rafiki yake tangu utotoni, ndiye anayemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi. Neno hilo linamuuma Jay kuliko amri ya Amin, nami namwelewa: amri inatoka kwa mtawala, lakini hili limetoka kwa ndugu. Anahamia Mississippi, na miaka inapita akiidai serikali ya Uganda mali yake. Huku nyuma binti yake Mina, aliyeondoka Kampala akiwa mtoto, anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi ambaye hajawahi kuikanyaga Afrika. Basi kati ya hao watatu, Mwafrika ni yupi? Swali hilo haliachi kunisumbua, maana kila jibu linamwacha mmoja wao nje ya mlango.

Mwishoni Jay anarudi Kampala na kukuta Okelo aliuawa zamani. Nyumba anaiona, lakini wa kumkaribisha hayupo. Anamwandikia mkewe kwamba moyo wake uko kwake yeye. Hapo "kwetu" inahama kutoka kwenye udongo na kwenda kwa watu, jambo ambalo karatasi ya uraia haiwezi kulieleza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nair naye alifanya Kampala makazi yake, na jembe alilishika: mwaka 2004 alianzisha Maisha, mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki. Alipotengeneza Queen of Katwe (2016), kamera zake zilikwenda Katwe kwenyewe, mtaa wa hapa Kampala, na watoto wa Kampala wakawa miongoni mwa waigizaji.