Je, wajua kwa nini risasi inaweza kuingia vizuri kwenye bunduki ya zamani na bado ikailipua?

Neno "hela" tulilipata kwa Mjerumani. Sarafu yake ndogo iliitwa Heller, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, sarafu za Heller 20 zilipigwa hapahapa Tabora zikiwa na herufi T. Sehemu ya shaba yake ilitoka kwenye maganda ya risasi na makombora yaliyokwisha kufyatuliwa. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Hela zile leo ni pambo la makabati ya wakusanyaji. Bunduki za zama zile nazo bado zipo, na ndizo zilizoleta swali kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Kijana mmoja, ambaye babu yake alikuwa mwindaji kule Sikonge, alisema mzee ameacha bunduki ndefu ya Mjerumani yenye kibali, pamoja na kopo la risasi zilizoota kutu ya kijani. "Nimejaribu moja, kaka. Imeingia na komeo limefunga. Sasa ubaya uko wapi?"

Nilimwambia kwanza aitoe, ndipo tuongee.

Ubaya umejificha kwenye jina. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilianza kutumia bunduki ambayo watu huiita ya "milimita 8". Kichwa cha risasi yake kilikuwa na unene wa karibu milimita 8.1, na ncha yake ya mbele ilikuwa ya mviringo. Mwaka 1905 wakaleta kichwa kipya, chepesi na chenye ncha, kinachokwenda kasi zaidi. Hicho kina milimita 8.2. Ganda lilibaki na urefu uleule wa milimita 57, na kwa macho ya kawaida ni risasi ileile. Wajerumani wenyewe walilazimika kuzitanua bunduki nyingi za zamani na kuzigonga herufi S ili askari asichanganye. Sokoni leo ya zamani huandikwa 8x57 I au J, na mpya 8x57 IS. Herufi moja tu!

Tofauti ya moja ya kumi ya milimita ni kama unene wa nywele moja au mbili. Lakini kichwa kinene kikisukumwa kwenye mtutu mwembamba hukwama kidogo kabla ya kupita, na huku nyuma baruti inaendelea kuwaka. Risasi ya IS kwa kipimo cha Ulaya inaruhusiwa kufikia presha ya bar 3,900. Tairi la gari dogo lina bar mbili na ushee. Sasa ongeza kizuizi juu ya hiyo 3,900, kwenye chuma cha zaidi ya miaka mia, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye komeo.

Wanaotumia gobore wataelewa jambo la pili haraka zaidi. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani huku kwetu walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi, ile ya moshi mzito unaomtangaza mpigaji kwa adui. Baruti ya kisasa haina moshi huo, lakini ina hatari yake: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi zaidi. Kuitia kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, au kwenye gobore, ni kujitegea bomu begani.

Kwa hiyo risasi huchaguliwaje? Chapa ya kwenye mtutu ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu bunduki hizi zilipita mikono mingi na nyingine zilibadilishwa mtutu. Fundi wa silaha anayeijua kazi hupima upana wa ndani ya mtutu na mifereji yake, humimina kitu laini kwenye chumba cha risasi ili apate umbo lake halisi, na huangalia kama komeo linabana ganda ipasavyo. Baada ya hapo zinunuliwe risasi mpya za kiwandani zinazolingana na vipimo hivyo, si na jina. Wamarekani, kwa kuogopa mchanganyiko huuhuu, wana kiwango cha chini sana cha presha kwa risasi zao za "8 mm Mauser". Hata hizo, mimi nisingezitia kwenye mtutu wa 8.1.

Na za kwenye kopo? Shaba ya ganda huzeeka. Karne ya 19 Waingereza kule India waliona maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe kila masika. Mwaka 1921 ndipo ikaelezwa vizuri kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi ikisaidiwa na unyevu. Ganda lenye ufa huachia gesi ya moto irudi nyuma kwa mpigaji. Tena fataki, yaani kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, za risasi nyingi za kijeshi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu kama ile ya jikoni, na mafuta hayaiondoi. Huoshwa kwa maji ya moto kwanza, mtutu ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Kwa wenzetu wa Kigoma, na hewa ile ya ziwani, kutu inaweza kuonekana baada ya siku chache tu.

Kijana aliipeleka bunduki kwa fundi. Mtutu ulikuwa wa 8.1, haukuwahi kutanuliwa, na risasi za babu zilikuwa za kichwa chenye ncha. Kopo lilikabidhiwa kituo cha polisi.