Malindi hadi Lamu kwa ndege: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ni zaidi ya kilomita mia mbili." Hizo ni za lami. Basi likitoka Malindi halina budi kupanda hadi Garsen, livuke Mto Tana hapo, ndipo likate kupitia Witu hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, maana delta ya Tana haina barabara ya kuikatiza ufuoni. Ndege haina habari na delta. Hupita juu ya Ghuba ya Ungwana, na toka uwanja hadi uwanja ni kama kilomita 140 tu. Utasikia pia maili 76, na mwingine ashikilie 88. Wote wawili wako sawa: maili ya marubani na mabaharia ina mita 1,852, ya barabarani ina 1,609.

"Dakika kumi umefika." Haya hutoka kwenye vikokotoo vya mtandaoni, vinavyogawanya umbali kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 na zaidi kwa saa. Cessna Caravan, ile ya injini moja iliyozoeleka pwani yetu, huenda kilomita 300 na kitu. Piga hesabu: karibu nusu saa angani. Na hata jeti isingeweza kumi, kwani safari fupi hivi huishia katika kupanda na kushuka kabla haijafikia kasi yake. Tena muda wa kwenye tiketi huanzia ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, kwa hiyo ukiona umezidi nusu saa usidhani rubani atakuzungusha.

"Upepo ni shida ya majahazi." Si kweli, ila shida yenyewe ni ndogo. Lamu iko kaskazini-mashariki ya Malindi, basi msimu wa kaskazi upepo unakujia usoni. Ukivuma kilomita 30 kwa saa utakuongezea dakika kama tatu.

Linalowapata wageni hasa ni hili: "Ndege ikitua, nishafika Lamu." Uwanja uko kisiwa cha Manda. Unatoka na mizigo hadi gatini, unapanda boti, unavuka mkondo kwenda mjini au Shela, na huko hakuna teksi ya kukungoja. Kuna miguu, na punda wa kubeba masanduku. Siku ya kurudi, boti ndiyo ya kuhesabu kwanza. Malindi ni rahisi, uwanja uko kando ya mji na tuktuk inakumaliza.

Na wale wanaodhani Lamu ni mbali mno na Nairobi kuliko Malindi, hiyo nayo ni akili ya basi. Kwa anga, uwanja wa Wilson wa Nairobi hadi Malindi ni kama kilomita 420, hadi Lamu kama 470. Kinachorefusha safari ni ndege kutua Malindi njiani, kushusha na kupakia. Uliza hilo kabla hujalipa.