Vifungu viwili vya mwaka 1789 vilivyogongana

"Locke aliwaamsha Wamarekani, Rousseau akawaamsha Wafaransa." Sentensi hiyo imo katika madaftari mengi ya historia, na mwanafunzi anayeikariri habaki na kitu cha kukishika. Njia ninayoipendekeza ni ya polepole zaidi: liweke tamko la mapinduzi kando ya kitabu cha mwanafalsafa, usome neno kwa neno, ukiuliza lipi limechukuliwa, lipi limeachwa na lipi limegeuzwa. Pale palipogeuzwa ndipo penye siasa, na ndivyo tutakavyofika kwenye vifungu viwili vya tamko la Ufaransa la 1789 vilivyogongana.

Tuanze na John Locke, mwanafalsafa Mwingereza. Kitabu chake kuhusu serikali kilitoka mwishoni mwa 1689, bila jina la mwandishi, kikiwa kimepigwa chapa ya mwaka 1690 kwenye jalada la ndani. Kwa kuwa mfalme James wa Pili wa Uingereza alikuwa ameondolewa mwaka mmoja kabla, wengi wakadhani kiliandikwa ili kuhalalisha jambo ambalo tayari limetendeka. Utafiti wa miswada umeonyesha kwamba sehemu kubwa iliandikwa miaka kadhaa nyuma, wakati hoja za namna hiyo zilikuwa zinamwaga damu: mwaka 1683 Algernon Sidney, mwanasiasa aliyempinga mfalme, alikatwa kichwa jijini London, na mswada wake mwenyewe ulitumika mahakamani kama ushahidi dhidi yake.

Sasa fungua Tamko la Uhuru la Marekani la 1776. Maneno yanayozungumzia mlolongo mrefu wa dhuluma yametoka kwa Locke karibu kama yalivyo. Hata muundo ni wake: kwanza kanuni (serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa), kisha orodha ndefu ya makosa ya mfalme, mwishowe hukumu. Limeandikwa kama hati ya mashtaka. Locke alitaja maisha, uhuru na mali; kosa la kawaida hapa ni kuona kwamba Jefferson, mwandishi mkuu wa tamko, aliandika "maisha, uhuru na kutafuta furaha" na kudai kwamba alilitupa neno "mali". Halikutupwa mbali. Tamko la haki la Virginia, lililopitishwa Juni mwaka huohuo, linataja mali na furaha kwa pamoja, na marekebisho ya tano ya katiba ya Marekani, ya 1791, yanarudi kwenye maisha, uhuru na mali. Likumbukeni hilo neno mali, maana ndilo litakaloleta balaa mbele.

Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa, nitampitia haraka. Kitabu chake cha 1748 kilieleza mgawanyo wa madaraka kwa kuitazama Uingereza, ingawa Uingereza yenyewe haikuwa imeitenganisha mihimili ya dola (bunge, serikali na mahakama) kwa unadhifu ule. Wamarekani waliuchukua mchoro, wakaukataa ushauri wake mwingine kwamba jamhuri huifaa nchi ndogo. Wafaransa nao wakaiingiza hoja yake katika kifungu cha 16 cha tamko lao la 1789: jamii isiyo na dhamana ya haki wala mgawanyo wa madaraka haina katiba.

Rousseau ndiye mwenye fumbo. Mwaka 1910 mtafiti Daniel Mornet alichapisha matokeo ya kupekua orodha 500 za maktaba binafsi za Wafaransa wa karne ya 18. Kitabu cha Rousseau cha mkataba wa kijamii, kilichotoka 1762, alikikuta mara moja tu. Wapo waliohitimisha kwamba basi hakikusomwa. Lakini orodha hizo nyingi ziliandaliwa kwa ajili ya mnada, na vitabu vilivyopigwa marufuku havikuanikwa mnadani. Namba ya Mornet ni ya kweli, ila inapima kilichoruhusiwa kuuzwa hadharani. Mawazo hayo yalisafiri pia kwa njia nyingine: vijitabu vya bei nafuu, hotuba za mawakili, mazungumzo ya kwenye mikahawa.

Na tusisahau kilichowakusanya watu. Baraza la matabaka matatu ya Ufaransa (makasisi, makabaila na watu wa kawaida), ambalo halikuwa limekutana tangu 1614, liliitwa likutane Mei 1789 kwa sababu hazina ya mfalme ilikuwa imekauka kwa madeni, huku mavuno mabaya ya 1788 yakiwa yamepandisha bei ya mkate. Njaa na deni ndivyo vilivyofungua mlango, na vitabu vikawapa waliokusanyika maneno ya kudai.

Tamko la Haki za Binadamu na Raia lilipitishwa tarehe 26 Agosti 1789, likiwa na vifungu 17. Soma cha 6: sheria ni tamko la utashi wa jumla, yaani nia ya pamoja ya raia kwa manufaa ya wote. Hilo ni neno la Rousseau. Kisha linafuata jambo ambalo Rousseau angelikataa: raia wana haki ya kushiriki kuitunga wao wenyewe au kupitia wawakilishi wao. Yeye alishikilia kwamba utashi wa watu hauwakilishiki, na kwamba Mwingereza yuko huru siku ya uchaguzi tu. Wabunge walimnukuu huku wakimkana, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wawakilishi.

Mgongano mkubwa zaidi uko kati ya kifungu cha kwanza na cha mwisho. Cha 1 kinasema watu huzaliwa wakiwa huru na sawa katika haki. Cha 17 kinasema mali ni haki takatifu isiyovunjwa, na mtu hanyang'anywi ila kwa haja ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki. Katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, Haiti ya leo, karibu watu 500,000 walihesabiwa kuwa mali. Wenye mashamba walikishika kifungu cha 17.

Watumwa hawakusubiri vifungu vipatanishwe. Waliinuka Agosti 1791, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika, hasa ufalme wa Kongo. Fikra zao kuhusu mfalme mwema na mamlaka ya haki walikuja nazo. Ninasisitiza hili kwa sababu simulizi la "vitabu vya Paris vilivyowasha moto" huwafuta. Februari 1794 bunge la Ufaransa likafuta utumwa makoloni yote, bila fidia kwa wenye watumwa.

Na hapa pwani yetu inaingia. Tarehe 14 Septemba 1776, miezi miwili tu baada ya tamko la Wamarekani, Mfaransa Morice, mfanyabiashara wa watumwa, alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe mateka 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 (sarafu za fedha) kila mmoja. Soko lao lilikuwa Île de France, yaani Morisi, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa. Mwaka 1796 wajumbe wawili wa serikali ya Ufaransa, Baco na Burnel, walipofika kisiwani na amri ya kufuta utumwa, wenye mashamba waliwafukuza. Huko amri ya 1794 haikutekelezwa hata siku moja.

Napoleon, mtawala mpya wa Ufaransa, akaurudisha utumwa kisheria mwaka 1802, Haiti ikajitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Katiba yake ya 1805 inastahili kusomwa kwa mpangilio wake: kifungu cha 2 kinafuta utumwa milele, na ni cha 6 ndipo mali inapotajwa kuwa takatifu. Walihakikisha kwanza kwamba mtu hawezi kuwa mali, ndipo wakailinda mali.

Mwaka 1825 Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alituma manowari Port-au-Prince na sharti lake: Ufaransa ingeutambua uhuru huo kwa faranga milioni 150, zilipwe kama fidia kwa waliokuwa wenye mashamba.