Je, wajua utamu wa supu ya vitunguu ya Kifaransa hutoka wapi?

Katika mikahawa midogo ya mitaani huko Paris, ile yenye meza kumi au kumi na tano na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki, supu ya vitunguu hurudi ubaoni mara baridi inapoanza. Huletwa katika bakuli nene la kaure, juu imefunikwa mkate na jibini lililobabuka madoadoa. Ukilivunja gamba lile, mvuke hukupiga usoni, na chini yake kuna mchuzi wa rangi ya kahawia iliyoiva, mtamu kwa namna isiyofanana na utamu wa chai wala wa keki. Vitunguu hivyo hivyo vilimtoa mpishi machozi asubuhi. Utamu umeingia saa ngapi?

Wengi wetu tumekuwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba mpishi ametia sukari. Wapo wanaotia kidogo, lakini supu iliyopikwa kwa subira haiihitaji. La pili husikika la kitaalamu zaidi, na ndiyo maana limeenea: kwamba moto hugeuza ukali wa kitunguu kuwa sukari. Hili nalo si kweli. Sukari ilikuwamo tangu kitunguu kikiwa ardhini.

Kitunguu kibichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 89 hivi, na sukari yake ni kati ya asilimia 4 na 5. Kilo moja iliyokwisha kumenywa ina takriban gramu 40 hadi 50 za glukosi, fruktosi na sukrosi, yaani kama vijiko kumi vya chai. Ulimi hauioni kwa sababu kisu kimeamsha kitu kingine. Seli za kitunguu zinapopasuka, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) vilivyokuwa vimetengwa hukutana na viambata vya salfa, na kwa muda wa sekunde chache huzaliwa gesi inayochoma macho pamoja na ukali unaouma ulimi. Mweke mwimbaji wa sauti laini ubavuni mwa ngoma kubwa: anaimba, ila hakuna anayemsikia. Moto haumfundishi kuimba. Unamwondoa mpiga ngoma, kwa kuwa joto huharibu vimeng'enya, na viambata vikali ama huruka na mvuke ama hugeuka kuwa vingine vilivyo vipole.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Kilo moja ya vitunguu hutoa supu ya watu wanne kwa mchuzi wa lita moja na robo hivi. Gramu 45 za sukari zikigawanywa humo, kila bakuli hupata kama gramu 11, karibu asilimia 3 ya supu. Kijiko kwa kijiko, basi, supu ile tamu ina sukari kidogo kuliko kitunguu kibichi kilichokuwa kikikuliza.

Vivyo hivyo kwa aina za vitunguu. Vile vinavyosifiwa kuwa vitamu mara nyingi havizidi vikali kwa sukari. Vimepungukiwa salfa tu, na vina maji mengi zaidi. Kwa supu hii, kitunguu kikali kilichokauka vizuri ndicho bora. Wafaransa hutumia cha manjano, lakini chekundu cha Mang'ola, Tanzania, kinafaa, ingawa supu yake huwa na rangi iliyofifia kidogo.

Tahadhari moja: kitunguu pia huhifadhi chakula chake kama fruktani, minyororo ya fruktosi isiyo na utamu mkubwa. Moto wa muda mrefu unaweza kukata baadhi ya minyororo hiyo na kuongeza sukari kiasi. Ni nyongeza tu. Sehemu kubwa ya utamu haitoki huko.

Ukali ukishaondoka, kazi kubwa zaidi bado: kuleta rangi na harufu. Hapa ndipo maji yanapotawala, na ndipo mapishi mengi yaliyoandikwa yanapodanganya kwa kusema dakika kumi zinatosha. Mfikirie mtu anayewasha kuni mbichi. Zinafoka, zinatoa moshi na povu kwenye ncha, lakini haziwaki. Moto haukosi nguvu. Nguvu yote inaishia kuyageuza maji kuwa mvuke, na maji yakiwamo, kuni hazipandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi. Sufuria ya vitunguu ni hivyo hivyo. Kubabuka kwa rangi huanza kushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, lakini vitunguu vilivyojaa maji vinakaa kwenye 100 vikitokota. Utakoroga nusu saa ukidhani hakuna kinachotokea, kumbe maji yanaondoka. Kisha ghafla chini ya sufuria panakauka, mlio unabadilika kutoka kutokota kuwa kuchachatika, na rangi inakuja ndani ya dakika chache.

Rangi hiyo wengi huiita karameli, na jina hilo ni nusu ya ukweli. Sukari hubabuka yenyewe kwa kiasi fulani, lakini pia hukutana na amino asidi za kitunguu, yaani vijenzi vya protini, na kuzaa viambata vipya kwa mamia. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza kukutana huko mwaka 1912, na jina lake limebaki kwenye mmenyuko huo. Ndio huo huo unaobabua gamba la mkate na nyama choma.

Kwa watu wanne, chukua vitunguu kilo 1, siagi gramu 50, kijiko kimoja cha mafuta na kijiko cha chai cha chumvi. Kata vipande vya milimita 3 hadi 4 kutoka kwenye mzizi kuelekea kileleni. Ukivikata kwa kukingama huvunjika haraka zaidi. Tumia sufuria nzito, pana kama sentimita 28, kwa sababu kwenye sufuria nyembamba vitunguu hurundikana na kuchemshana kwa mvuke wao. Funika dakika 15 kwa moto wa wastani. Chumvi itatoa maji na vitunguu vitalegea. Funua, punguza moto, kisha koroga kila dakika tano, na mara kwa mara zaidi kadiri maji yanavyopungua. Hesabu dakika 45 hadi 60. Utando wa kahawia ukiganda chini, usiuache uwe mweusi: mimina vijiko viwili vya maji, ukwangue kwa mwiko, uchanganye. Utando huo ndio ladha yenyewe. Rudia mara tatu au nne. Mwishoni kilo yako itakuwa imebaki kama robo.

Anayeongeza moto ili kuwahi hupata kingo nyeusi na moyo mbichi, na uchungu huo hautolewi na chochote. Wengine hutia magadi soda. Kweli, alkali huharakisha rangi, lakini inafanya kwenye vitunguu kile magadi yanachofanya kwenye maharage: inalegeza kuta za seli mpaka ziwe uji. Zaidi ya robo kijiko cha chai kwa kilo, utaonja sabuni.

Divai nyeupe isiyo tamu, mililita 150, huja baada ya rangi, kamwe si kabla, kwa sababu asidi huchelewesha kubabuka na kufanya vitunguu vibaki vigumu. Asiyetumia pombe asidanganywe kwamba yote huisha motoni. Sehemu yake hubaki hata baada ya saa nzima. Badala ya divai, kijiko kimoja cha siki katika mililita 100 za maji kinatosha. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano, kaanga dakika mbili, mimina lita 1 na robo ya supu ya mifupa isiyo na chumvi nyingi, na uache ichemke taratibu nusu saa.

Mkahawa wenye mpishi mmoja unaweza kuuza supu hii kwa sababu kazi yote hiyo imekwisha kabla ya saa sita mchana. Mteja akiagiza, supu ya moto humiminwa bakulini, huwekwa vipande vya mkate vilivyokaushwa ovenini (mkate laini hugeuka tope), kisha gramu 40 za jibini la gruyère au comté lililokunwa, na bakuli huingia ovenini chini ya moto unaotoka juu, dakika tatu hadi tano. Mafuta ya jibini huziba mvuke, kwa hiyo supu iliyo chini ya gamba hubaki ya moto kuliko inavyoonekana. Subiri kidogo.

Wapishi wa pilau wa pwani wanaijua rangi hii kwa njia ya mkato: vitunguu vyembamba kwenye mafuta mengi, ambayo huyafukuza maji kwa dakika 12 hadi 15 tu. Kwa supu njia hiyo haifai, kwa kuwa vitunguu hukauka na kukakamaa badala ya kulegea kama hariri. Lakini mchuzi unapomiminwa, kinachotokea ni kimoja: viambata vya kahawia huyeyuka majini na kupaka kila kitu rangi, na pilau ambayo vitunguu vyake viliwahiwa vikiwa vya manjano hutoka sufuriani nyeupe hata kama viungo vimetiwa vyote.